Ukungu Niliouwasha Bila Kukuuliza

Hilda mwanangu,

Mama yako amelifunga begi lako, akalifungua, akalifunga tena, na sasa hivi nasikia zipu inalia upya kule chumbani. Ya sweta ameshasema. Ya kutokula vya njiani ameshasema. Ya kumpigia shangazi yako ukifika Morogoro ameyasema mpaka wewe mwenyewe ukaanza kumalizia sentensi zake. Nikiyarudia hapa utasema baba amezeeka. Hayo nayapita.

Mimi ninalo moja, na nalisema mapema usije ukalitafuta barua nzima kama mtu anayetafuta nyama kwenye makande. Ukiumwa huko, uniambie. Kichwa kikizunguka, sema kinazunguka. Usinijibu "salama, baba" huku umeshika ukuta. Miaka hii miwili umenijibu hivyo, na aliyekufundisha namjua, ni mimi. Nakuandikia kwa sababu ana kwa ana nimejaribu nimeshindwa. Jana nilikuita uani nikuambie, ukaja, ukasimama na adabu zako zote, na mimi nikakuuliza kama kuku wamefungiwa.

Nimekaa mezani tangu tumalize kula. Ukungu umeingia mapema leo, umelala juu ya kabichi, umeifuta mikaratusi, umeifuta na nyumba ya jirani, na kila nikiutazama dirishani usingizi unakuja na kuondoka. Ukikuta mahali nimeruka kutoka jambo hili hadi lile, ujue hapo nilisinzia kidogo.

Watu wakiniona pale steshenari, natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, natengeneza tovuti za nyumba za wageni, wanadhani nilizaliwa na kompyuta mkononi. Wewe unajua nilianza na brashi. Nusu ya mabango ya mji huu niliyachora mimi, ya saluni, ya pembejeo, ya vinyozi wenye vichwa virefu kuliko binadamu yeyote niliyewahi kumwona. Na bango, mwanangu, ni bwana mkubwa. Ukija karibu, ukienda mbali, mzee asiyeona vizuri, mtoto asiyefika urefu wake, lenyewe limesimama vilevile. Asiyeweza kulisoma ni shauri yake. Nadhani ubwana ule wa bango ulinikaa rohoni hata nilipoiweka brashi chini.

Tovuti yangu ya kwanza niliitengeneza hivyohivyo. Kwenye kompyuta ya dukani ilipendeza, nikaita watu waje kuona. Akaja Mama Ester, yule mwenye nyumba ya wageni njia ya Irente, akaifungua kwenye simu yake, akaisogeza puani, akaisogeza mbali, akaniambia, "Baba Hilda, hawa sisimizi ndio maandishi?" Nilikasirika wiki nzima. Ndipo nikaanza kujifunza yale maswali, ambayo ukurasa unakiuliza kioo cha simu kabla haujajipanga: wewe ni mpana au mwembamba? Umesimama au umelazwa? Mwenyewe anataka mwanga au giza? Kioo kikijibu, ukurasa unajikunja au unajitanua. Nilipoona mara ya kwanza unajikunja peke yake, haki ya Mungu, nilisimama nikazunguka kiti.

Ulikuwa darasa la tano wakati ule. Ulikuwa unatoka shule unakuja dukani moja kwa moja, unakaa juu ya maboksi ya karatasi na soksi zako zimelowa, mimi nakupa simu. Unaisimamisha, picha zinapangana moja chini ya nyingine. Unailaza, zinakaa ubavu kwa ubavu. Unaisimamisha tena. "Baba, imenijua!" Siyo imejipanga, siyo imebadilika. Imenijua. Mvua inanyesha juu ya bati, fotokopi inanguruma, na wewe unailaza simu na kuisimamisha mpaka usingizi unakuchukua umeishika kifuani. Nakufunga kwenye koti langu, nakupandisha kilima mpaka nyumbani, na njia nzima unaota kwa sauti. Nikiulizwa leo niliwahi kuwa tajiri lini, ni siku zile.

Na kabla ya hapo, ulipokuwa mdogo zaidi, ulikuwa mtoto wa kurushwa, wewe. Nakurusha juu nakudaka, unacheka mpaka kwikwi, "Tena, baba! Tena!" Mama yako anafumba macho. Mimi nikaliweka kichwani kwamba huyu binti hana hofu na kitu kinachozunguka, na sikulitoa tena kulitazama kama bado ni kweli.

Sasa nije kwenye ukungu.

Babu yako alikuwa na shamba kule upande wa jabali la Irente, na nilipokuwa mdogo tulikuwa tunapita pale alfajiri na mizigo ya kabichi. Kuna asubuhi ukungu unajaa bonde zima huoni hata vidole vyako. Babu anatua mzigo, anasema, "Ngoja." Tunangoja. Halafu ukungu unaanza kusogea, taratibu, unafunguka mahali, na kule chini kabisa unaona mashamba ya mkonge ya Mazinde na barabara imenyooka, na jua limeshafika huko wakati sisi bado tunatetemeka. Halafu unafunga tena. Babu anabeba mzigo tunaondoka. Mpaka leo ninauota ule ukungu. Katika ndoto hauishi, unafunguka na kufunga, na babu yuko mahali ndani yake anakohoa.

Kwa hiyo Mama Ester aliponiomba tovuti mpya, nikasema hapa ndipo pangu. Nikaweka picha ya jabali, na juu yake nikaandika skripti, yale maagizo ya kompyuta, ya kuusogeza ukungu. Tabaka la mbele linakwenda haraka, la nyuma polepole, na mgeni akipandisha ukurasa kwa kidole, milima yenyewe inateleza chini ya mawingu. Niliifanyia kazi mvua nzima za masika. Sijawahi kupenda kitu cha mikono yangu kama kile. Kilipokamilika, mtu wa kwanza kupewa simu ulikuwa wewe, kama ilivyokuwa desturi yetu.

Unaikumbuka siku ile, najua unaikumbuka. Lakini acha nikuambie namna mimi ninavyoikumbuka.

Ulikuwa umeanza kuumwa miezi kadhaa nyuma. Nasema kuumwa sasa, wakati ule sikulitumia neno hilo. Tulishuka Mombo kwenye harusi, ukatapika kona za Soni, na mimi nikawaambia watu waliokuwa nasi, "Huyu si wetu, huyu tulimwokota Korogwe!" Wakacheka. Sisi huku milimani tunajivunia mambo ya ajabu, Hilda. Tunajivunia kwamba kona haziwafanyi kitu watoto wetu, wanaotapika ni watu wa chini. Mtoto wa Lushoto akitapika kona ni kama mtoto wa pwani akiogopa maji, basi baba anatafuta mzaha wa kuifunika aibu yake. Aibu yangu niliifunika kwako. Ukajifuta mdomo na khanga ya mama yako, ukatabasamu.

Halafu ukaacha kwaya. Nilisikia umeacha, sikuuliza kwa nini. Nilisema tu mezani kwamba watoto wa siku hizi wakishaona simu wanamsahau Mungu. Kumbe zilikuwa zile hatua za kwaya, mbele nyuma, kushoto kulia, kugeuka. Ulikuwa unaimba huku umekazia macho msumari mmoja ukutani usianguke mbele ya usharika. Hili nimeambiwa na mama yako mwaka huu. Mama yako, siyo wewe, na sikulaumu.

Basi, siku ile nikakupa simu. Ukaitazama kidogo, ukaiweka mbali. Ukasema, "Baba, inanizungusha kichwa."

Nikasema, "Wewe tena! Mtoto wa milimani unaogopa ukungu?"

Ukasema, "Siogopi. Nimeiambia simu isisogeze vitu. Nimeweka kwenye mipangilio. Kurasa za watu wengine zinatulia, hii yako haitulii."

Na mimi, fundi, nikakujibu, "Nimeshauliza hilo. Lipo kwenye faili la mitindo, nenda kaangalie."

Na ni kweli swali lilikuwepo, kwenye lile faili linalopanga sura ya ukurasa. Nililiweka kwa sababu niliona wengine wanaweka. Vitufe vilikuwa vimetulia, menyu ilikuwa haitelezi. Lakini ukungu wenyewe ulikuwa unasukumwa na skripti, na skripti haikuwa imemuuliza mtu yeyote kitu chochote. Swali nililiuliza sebuleni, wakati anayeumwa yuko chumbani. Ukanionyesha. Ulikuwa unaijua kazi kunizidi, ukasema kwa upole kabisa, "Baba, mtindo umeuliza, skripti haijauliza." Nikasema, "Hilda, usinifundishe kazi. Kama hutaki kunisaidia sema hutaki, usisingizie kichwa."

Ukailaza simu kifudifudi juu ya meza. Ukasema, "Sawa baba. Nzuri."

Nami nikalichukua hilo "nzuri" lako nikaenda nalo. Jioni ileile nikaipandisha tovuti hewani. Mama Ester akanipigia kunipongeza.

Tangu siku hiyo ukawa salama. Nikiuliza asubuhi, salama. Umelala mchana na kitambaa usoni, salama. Dukani ukawa huji, nikasema binti amekua, anaona aibu kukaa na baba yake. Niliwaambia mpaka wateja. Tulikuwa tunasalimiana vizuri sana, si unakumbuka? Shikamoo baba, marahaba, hujambo, sijambo. Salamu zetu nzuri jamani, lakini jibu lake tumeshaliandaa kabla ya swali. Hakuna mtoto aliyelelewa vizuri anayemjibu baba yake "si salama." Mimi nilikuwa nakuuliza kila siku na nilikuwa sikuulizi.

Mwaka ukaisha hivyo, na nusu nyingine. Halafu asubuhi moja Mama Ester akanipigia, siyo sauti ya pongezi.

"Baba Hilda, hebu niambie, umeweka nini kwenye ile tovuti?"

"Kuna nini tena?"

"Kuna mgeni ameniandikia. Alitaka chumba, anasema ukurasa umemtapisha."

"Umemtapisha?"

"Ndiyo, umemtapisha! Anasema ana tatizo la kizunguzungu, simu yake ameiambia isisogeze vitu, na ukungu wako hausikii. Mimi nahangaika hapa na mikate na jamu, halafu tovuti ndiyo inayotapisha watu!"

Nikasema, "Samahani sana, Mama Ester. Naishughulikia sasa hivi. Umwambie samahani sana."

Sikubisha. Sikuuliza kama mgeni huyo ni wa milimani au wa pwani. Mtu nisiyemjua, jina sijalisikia, sura sijaiona, sentensi yake moja imenifikia kwa mdomo wa mtu mwingine, nami nimeiamini hapohapo na kuomba radhi mara mbili. Nikafungua kompyuta nikaanza kazi.

Kwenye skripti kuna amri inaitwa matchMedia. Unaijua, lakini acha niieleze, inanituliza. Unaipa swali, inakwenda kuiuliza simu, inarudi na ndiyo au siyo. Nikaiandikia, mwenye simu ameomba vitu visisogee? Akisema ndiyo, ukungu usianze. Mistari michache tu, mwanangu. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Miezi yote ile uliyolala na kitambaa usoni, na dawa yake kwenye ukurasa ule ilikuwa mistari ya kuandikwa chai haijapoa.

Nikajaribu. Nikauacha ukurasa wazi, ukungu unasogea, nikaingia kwenye mipangilio nikaiambia simu yangu basi, vitu vitulie. Nikarudi. Ukungu unaendelea kama hakuna aliyesema kitu. Ebo! Nikahangaika, nikasoma, nikaona. Nilikuwa nimeuliza mara moja tu, ukurasa unapofunguka. Jibu la wakati ule ndilo lililobaki. Simu inasema nimebadilika, skripti imeshaziba masikio, inaendesha mambo kwa jibu la zamani. Kumbe lile swali unaweza kuliacha wazi, skripti ikae inasikiliza, na jibu likibadilika tu, iambiwe. Nikaongeza hilo. Nikajaribu tena.

Ukungu ukasimama.

Sijui nikuelezeje, Hilda. Duka lilikuwa na watu wawili wanangoja fotokopi. Picha ile ya jabali imetulia kimya kwenye kioo, nyeupe, kwa mara ya kwanza haikimbii, nami nikakusikia. Nilikusikia unasema "haitulii" kwa sauti uliyosemea siku ile. Nikaona ule msumari wa kanisani ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa ameniambia habari zake; pengine nauchanganya sasa, nimeshasinzia mara ngapi hapa. Nikaona mtoto anayerushwa juu, anacheka, na baba yake kamdaka miaka kumi iliyopita na bado anadhani anacheka. Mmoja wa wale wateja akaniuliza, "Mzee, vipi, umeme umekatika?" Nikamwambia haujakatika. Nikamtolea fotokopi zake nikamzidishia kopi moja.

Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuja mgeni, hata kufika hakufika, nikapona ubishi. Ila nilipona nikiwa na deni kwako, na tangu hapo nimekuwa nalizunguka. Nilikupeleka hospitali, hilo nililifanya. Daktari akasema ni sikio la ndani, akakupa dawa na yale mazoezi ya shingo, akaniambia mimi, "Mzee, huyu amevumilia sana." Nikatikisa kichwa kama mtu mwenye busara. Tulipotoka nikakununulia soda na maplamu mfuko mzima. Ukasema, "Asante, baba." Sisi akina baba wa huku tukishanunua kitu tunaona tumeshaomba msamaha, mtoto ndiye akokotoe mwenyewe.

Hata wazo lako la kwenda kusomea usindikaji wa vyakula nililipokea vibaya, nalo nalisema leo nisije nikabaki nalo. Nilisema moyoni, ameikimbia kazi yangu. Kila mtu aliniambia, Hilda ana kichwa cha kompyuta, kwa nini unamwacha aende kwenye majamu? Nami nikaitikia kwa huzuni ya uongo. Siku moja nikakukuta jikoni na mama yako, mmechemsha maplamu, umesimama wima mbele ya sufuria unakoroga taratibu huku unaimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya. Hukuniona. Nikarudi nyuma. Mtu anayefanya kazi ambayo haimwangushi anaimba, na mimi nilikuwa sijakusikia ukiimba tangu lini.

Wahenga wametuachia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Mkuu asiyesikia la mdogo je, huvunjika nini? Hawakusema, labda kwa sababu wahenga wote walikuwa wakuu. Mimi nimevunjika mahali, mahali penyewe sipajui jina, pananiuma kila ukisema salama.

Huko uendako utakutana na watu wa aina yangu. Walimu, mabosi, pengine siku moja mume, Mungu amsaidie. Watu wazuri, wachangamfu, wanaokupenda, wenye ukungu wao mzuri walioutengeneza kwa mapenzi yote. Watakuonyesha wanangoja usifie. Sikuambii ugombane nao. Ninachojua ni kwamba lile "sawa, nzuri" lako siku ile halikuwa heshima, mimi niliyelipokea nashuhudia. Heshima ilikuwa ile ya mwanzo, uliponionyesha kosa kwa upole na ukweli, nami nikaitupa. Na wewe utakuwa na ukungu wako pia, utaupenda, na mtu mdogo kwako ataugeuza kifudifudi mezani. Siku hiyo sijui utafanya nini. Mimi nimeshakwambia nilivyofanya.

Nimesikia mlango wa chumbani. Ngoja.

*

Nimerudi. Chai imepoa, ukungu umekaribia kuingia ndani kabisa, na wewe umeshalala. Nayaandika haya ya mwisho yasije yakanipotea, au asubuhi nikadhani niliyaota.

Ulitoka kwenda kunywa maji. Ulipofika hapo kwenye mlango wa jikoni ukashika fremu, ukasimama. Nikasema kwa mazoea yangu, "Vipi, mama?" Ukasema, "Salama, baba." Nikaishika kalamu. Nilikuwa nimeshaandika kurasa zote hizi kuhusu neno hilo moja, na bado nilikuwa tayari kulipokea niendelee kuandika. Nikaiweka chini.

Nikasema, "Hilda, nimekuuliza kweli."

Ukaegemeza kichwa kwenye fremu. Halafu ukasema, "Si salama. Kimeanza tangu jioni. Naogopa zile kona za kesho."

Nikasimama haraka kukushika, halafu nikajizuia nikauliza, "Nikushike au nikuache?" Ukasema, "Kaa tu hapo karibu. Usiongee." Mimi, kukaa bila kuongea! Ukakaa chini, mgongo umeegemea ukuta, macho umeyafumba, nami nikakaa sakafuni kando yako kwenye saruji ya baridi. Mama yako alitokeza kichwa, akatuona, akarudi kimya kimya. Sijui tulikaa muda gani. Nilikuwa nasikia unavyovuta pumzi, ndefu, halafu fupi, halafu ndefu. Sikusema kitu. Ninajisifu hapo kidogo, niruhusu.

Kilipopungua ukafungua macho ukaona karatasi mezani. "Unaandika nini?"

"Barua yako."

"Ndefu?"

"Unanijua."

Ukacheka kidogo. "Baba, kwenye basi siwezi kusoma. Nikiinamia karatasi tu natapika."

Loo! Nimekaa jioni nzima namwandikia mtu mwenye kizunguzungu barua ya kusoma safarini. Nikajiona mjinga kabisa, nikacheka, nawe ukacheka, tukanyamazishana kwa ajili ya mama yako. Halafu ukasema, "Basi niambie tu ilivyoandikwa."

Nikakuambia. Sikukusomea, ningekusomea ningejificha nyuma ya maneno mazuri. Nilisema, "Nimeandika kwamba uliniambia unaumwa na mimi sikukuamini. Nikamwamini mgeni. Nisamehe, mwanangu."

Nilikuwa nangoja useme haina shida. Kila mtoto wa nyumba yenye adabu angesema haina shida, baba, yamepita. Ningefurahi sana. Ningekwenda kulala.

Ukatazama mikono yako. Ukasema, "Iliniuma, baba. Iliniuma sana. Mpaka leo."

Nami nikasema, "Endelea, nakusikiliza."

Baba yako.